Viatu vya Barafu vya Tata Kankolongo

Asubuhi ile mtaa mzima wa Kapata, mjini Kolwezi, ulikuwa umegeuka soko. Watu wenye asili ya Kasai, waliozaliwa hapo, wakasomea hapo na kuzika wazazi wao hapo, walikuwa wameambiwa wapande treni warudi "kwao". Kwa kuwa behewa halibebi kabati, kila mmoja alitoa vitu vyake nje auze: vitanda, mashine za kushona, friji, hata picha za harusi zikiwa bado ndani ya fremu.

Mbele ya nyumba ya injinia Rémy Kankolongo hapakuwa na kitu cha kuuza. Palikuwa na injinia mwenyewe, amekalia kasha la bia, amefumba jicho moja, anapitisha tupa ya mviringo kwenye chuma kilichofungwa chini ya kiatu.

"Rémy," mkewe Tshibola akaita kutoka ndani. "Banatufukuza."

"Minajua."

"Unajua, na unanoa bilatu."

"Hii ya kushoto imelala upande moya."

Miaka mingi nyuma, kampuni ya migodi ilipokuwa bado ina pesa za kutuma watu nje, ilimpeleka Rémy Kanada, kwenye mji wa migodi wenye baridi ya kukata masikio, akajifunze kutenganisha shaba na mawe. Habari za shaba alikuwa anazijua kabla ya kupanda ndege. Alichojifunza huko ni hoki ya barafu. Alirudi Kolwezi na sanduku lenye fimbo tatu na jozi mbili za viatu: moja namba arobaini na moja, inayomkaa vizuri, na nyingine arobaini na tatu, aliyoinunua siku za mwanzo kabla hajaelewa kwamba kiatu cha barafu hakinunuliwi kwa namba ya kiatu cha kwenda misani. Tangu arudi hakuwa ameteleza hata mara moja, maana Kolwezi maji huganda ndani ya friji tu. Hata hivyo kila Jumapili alivinoa, na mgeni aliyekosea akauliza ni vitu gani alirudi nyumbani giza limeingia.

Siku hiyo aliyekuja alikuwa Mwenze, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Mwenze alikuwa Mkatanga, yeye hakuna aliyemfukuza. Kazi yake ilikuwa kutunza chumba cha baridi cha duka la zamani la wafanyakazi, mahali walipokuwa wakihifadhi samaki aina ya tomsoni. Samaki walikwisha, mshahara ukakatika, duka likafungwa, lakini Mwenze aliendelea kwenda kazini kwa mazoea, na mashine iliendelea kutoa baridi, pengine nayo kwa mazoea.

"Tata Rémy, mi niko na kitu ya kukuambia, lakini usipige kelele," akasema. "Jana nilisahau ndoo ya mayi mule mu chumba. Imeganda yote mupaka chini."

Rémy aliiweka tupa chini polepole.

"Ile chumba, chini yake iko plat?"

"Iko plat."

"Sawa meza?"

"Inapita meza yangu."

Tshibola alitokea mlangoni na mwiko mkononi. "Mwenze, wewe ni rafiki, lakini usimupatie huyu bwana mawazo. Hatujui tutalala wapi kesho."

"Njo maana," akasema Rémy, na alikuwa ameshasimama. "Kesho hatujui. Leo iko barafu."

Walimwaga maji ndoo kwa ndoo juu ya sakafu, tabaka juu ya tabaka, na wakati yanaganda Rémy alimkalisha Mwenze sebuleni kumpimisha ile jozi ya arobaini na tatu. Mwenze hakuwa ameomba viatu. Alidhani ataangalia tu.

"Sukuma vidole mupaka mbele," Rémy akaamuru, kisha akaingiza kidole chake nyuma ya kisigino cha mwenzake. Kiliingia. Akaingiza cha pili. Nacho kiliingia. Uso wake ukasawijika kama wa mtu aliyepewa habari za msiba. "Bibili! Hii ni kubwa. Moya inatosha. Kisigino itacheza."

"Acha icheze, tata. Mi niko na furaha."

"Kisigino haichezi!"

Wakamvalisha soksi za pamba, na juu yake soksi nyingine, na kisigino kikaendelea kucheza. Rémy akakumbuka kwamba fundi mmoja wa kule Kanada alikuwa anapasha viatu moto ili ngozi ilainike na kushika mguu. Joyeuse, mke wa Mwenze, alikuwa na tanuri la mikate uani. Waliingiza viatu baada ya mikate kutoka, Rémy amechuchumaa mbele ya mlango wa tanuri akinusa, na walipovitoa Mwenze akavivaa vikiwa vya moto, akapiga yowe lililofika barabara kuu. Mikate ya jioni ilikuwa na ladha ya ngozi. Wateja walikula kimya, wakifikiri ni unga wa siku hizi.

Halafu ikaja habari ya fimbo. Bapa la mwisho, lile linalogusa barafu, hupindwa kidogo ili kisahani cha mpira kinachopigwa mchezoni kisitoroke. Fimbo zote tatu zilikuwa zimepindwa kwa mtu wa mkono wa kulia, na Mwenze alikuwa wa kushoto. Basi wakalishika bapa juu ya mvuke wa sufuria ya maharagwe ya Joyeuse hadi mbao ikalegea, wakaliingiza chini ya mlango na kuanza kulipinda upande wa pili.

"Inatosha," Rémy akasema.

"Kidogo tena."

"Inatosha, Mwenze! Ukipinda sana, mpira itapanda juu, na kwa mugongo ya fimbo hautaweza kupiga kitu."

"Tata, mi nalima tangu mutoto. Jembe inapindwa. Mwiko inapindwa. Kitu ya kupinda njo inafanya kazi." Akakanyaga fimbo kwa uzito wake wote.

Bapa likatoka limepinda kama kijiko cha kupakulia. Rémy aliligeuza huku na huku, akalinusa. Lilikuwa linanuka kitunguu.

Siku iliyofuata, jua likiwa bado utosini, waliingia kwenye chumba cha baridi. Hakikuwa kikubwa, ukipiga hatua ndefu chache unafika ukutani, lakini barafu yake ilikuwa nyeupe na nyororo, isipokuwa kwenye kona moja ambako mkia wa tomsoni ulikuwa umegandia humo kama ua. Rémy alisimama. Magoti yake yalikumbuka. Aliteleza hadi ukutani, akageuka, akarudi kinyumenyume, na Mwenze, aliyekuwa ameshikilia ndoano ya kutundikia samaki kwa mikono miwili, alimwona rafiki yake akilia na kucheka bila kujua kimoja kimeanzia wapi.

"Achia ile ndoano!"

"Ndoano ni ndugu yangu."

Mwishowe aliachia. Alianguka, akasimama, akaanguka upande mwingine. Kisha akajaribu kupiga kisahani, ambacho walikuwa wamekikata kutoka mkanda wa mpira wa kubebea mawe. Kikapaa kama Rémy alivyosema, kikavunja taa moja, kikarudi kumgonga Rémy begani.

"Umeona?" Rémy akafoka. "Kijiko!"

"Lakini imeenda na nguvu," Mwenze akasema kwa fahari.

Hapo ndipo Tshibola alipoingia. Alikuwa ametandika gunia kizingitini ili asiteleze. "Behewa zimefika pa gare," akasema. "Banapakia kesho asubuhi. Na nyumba yetu imesha kuandikwa." Alitaka kuendelea, lakini nje zikasikika sauti na fimbo zikigonga ukuta.

Walikuwa vijana wa doria, wale waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakipaka alama kwenye milango ya Wakasai. Mtu alikuwa amewaambia kwamba Mkasai mmoja amejificha dukani na samaki wote wa kampuni. Kiongozi wao, Kalumba, mtu mrefu mwenye viatu vya plastiki, aliusukuma mlango kwa teke.

"Nani iko humu? Tokeni na samaki!"

Alipiga hatua moja ya kijeshi, na ya pili hakuipiga yeye. Miguu ilitangulia, mgongo ukafuata, na Kalumba akavuka chumba kizima akiwa chali, ametazama dari, hadi alipogonga ukuta wa mwisho. Mwenzake akakimbia kumsaidia, akampita. Wa tatu alimshika wa pili, wa nne akamshika wa tatu, na muda si muda vijana wote walikuwa rundo moja kwenye kona ya mkia wa tomsoni, kila anayeinuka akimwangusha anayefuata.

Katikati ya chumba walisimama wanaume wawili wenye visu chini ya miguu na magongo yaliyopinda. Mashine ilikuwa inanguruma.

"Muinuke," hatimaye Tshibola akasema kutoka juu ya gunia lake. "Mutashikwa na baridi ya kifua."

Kalumba alitambaa kwa magoti. Macho yake yalikuwa kwenye miguu ya Mwenze. "Ile bilatu," akasema, akijaribu kurudisha ukali. "Ile tunakamata. Ni ya kampuni."

"Si ya kampuni, ni yangu," Rémy akajibu. "Na hauwezi kukamata kiatu bila kupima."

Hakuwa jasiri. Baadaye mwenyewe alisema kwamba maneno yalimtoka tu, kama chafya. Alimvua Mwenze vile viatu, akamkalisha Kalumba kwenye kreti, akamvua plastiki, akauingiza mguu katika arobaini na tatu, akapeleka kidole nyuma ya kisigino. Kidole kimoja kiliingia. Cha pili kikakataa. Akamwambia asimame akunje magoti. Kisigino kilikaa kimya kabisa.

Rémy alitazama juu, na uso wake ulikuwa wa huzuni kubwa.

"Nini?" Kalumba akauliza kwa hofu. "Kuko mubaya?"

"Hapana. Imekaa. Imekaa sawasawa."

Alifunga kamba, akikaza pale kwenye kifundo na kulegeza juu. Akiwa ameinama hivyo akauliza, "Ile alama ku mulango yangu, ni weye uliandika?"

Kalumba alitazama ukuta. "Banatutuma, tata."

"Rangi uliweka mingi. Imechuruzika mupaka chini."

Kijana akauangalia mguu wake, akasema kwa sauti ndogo, "Hii ya kushoto inabana kidogo." Rémy akailegeza.

Mchana ule wote vijana walipokezana. Kalumba, kwa vile viatu vilimkaa, aliweza kuteleza kabla ya Mwenze, jambo ambalo Mwenze hakulisamehe. Walibishana juu ya fimbo: nusu walitaka ya Rémy iliyopinda kidogo, nusu walitaka kijiko, na taa zilizobaki zikaisha zote. Lakini jioni ilipoingia hakuna aliyesema kwamba Kankolongo abaki. Kalumba alisimama mlangoni na viatu mkononi, hajui avirudishe au aondoke navyo.

"Kamata," Rémy akamwambia. "Mwenze bitamuvunja mugongo. Lakini bikauke kwanza, ama kutu itakula chuma."

Kesho yake Kalumba na wenzake walifika stesheni. Hawakuomba radhi. Walibeba tu mizigo ya Tshibola, wakafukuza watu waliokuwa wamekalia kona yenye kivuli ndani ya behewa la mizigo, kisha Tshibola akawakaripia na kuwarudisha wale watu pale pale, wakabanana wote. Mwenze alileta mikate ya Joyeuse. Yeye na Rémy walishikana mikono kwa muda mrefu, wakizungumzia bapa.

"Ungepinda nusu ya ile," Rémy alikuwa anasema treni ilipoanza kusogea.

"Nusu haifanye kitu!" Mwenze akapiga kelele, akikimbia kando ya behewa, machozi yakimwendea masikioni.

Walipofika stesheni ya Tenke, mama mmoja mzee aliyekaa kwenye furushi mbele yao aliuona mfuko wa Rémy, na chuma kikichungulia.

"Tata," akauliza, "ile ni kitu gani?"

Rémy akanyoosha mgongo, akasafisha koo. Tshibola akamwekea yule mama kipande cha mkate mkononi, akamsogelea na kumkumbatia bega.

"Kula kwanza, mama," akasema. "Kula, upate nguvu."