Humu Labda Popo

Sufuria ilikuwa bado ya moto mshonaji alipoifunika gunia na kuisukumia ndani ya boila kuukuu. Mluzi ulikuwa umepigwa getini: mgeni. Katika kiwanda kile cha nguo kilichofungwa, familia tisa zilizoishi humo kwa siri zilijua la kufanya. Zima moto, fagia majivu, kunja mikeka, potea. Mgeni akiona watu leo, kesho huja virungu.

Mshonaji alimbeba mama mkwe wake mgongoni, akamlaza nyuma ya mashine za kusokotea nyuzi. Miguu ya bibi huyo ilikuwa imekufa mwaka wa tatu sasa, na nje ya ukuta ule hawakuwa na pa kwenda.

"Mama, usikohoe tafadhali."

"Kikohozi changu kina adabu siku hizi, mwanangu. Nenda."

Mgeni alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kamera, utepe wa kupimia na viatu visafi mno. Alicheka kwa upole, na upole huo ndio uliomtia mshonaji wasiwasi. Mtu wa heri anapima kuta ili iweje?

"Habari yako, mama. Napiga picha majengo yaliyoachwa, kumbukumbu zisipotee tu. Humu anaishi mtu?"

"Humu? Labda popo."

"Na wewe?"

"Naokota kuni, baba. Napita tu."

Akacheka, akaandika kwenye kidaftari, akazunguka akipiga picha kila chumba, akampiga na yeye, vijiti mkononi. Alipotoka, mshonaji alishusha pumzi. Huyu wamemweza.

Mwezi haukuisha, ilani ikabandikwa getini. Kiwanda kimeuzwa, kitabomolewa. Wakazi wake watapewa vyumba kwingine. Mshonaji alikimbilia ofisi iliyotajwa kwenye ilani mbiombio.

"Wakazi gani?" Karani alifungua faili. "Mtu wetu alikagua kote. Tazama."

Ilikuwa picha ya chumba chake, kimefagiliwa hata jivu hamna.

"Na shahidi huyu hapa, mwokota kuni. Anasema wanaishi popo. Si wewe huyu?"

Aibu ilimchoma, kisha hasira.

"Ni mimi. Nilidanganya. Mama mkwe wangu alikuwa mle mle, nyuma ya mashine. Hatembei."

"Sasa mlimficha kwa nini?"

"Kwa kuwaogopa ninyi."

Karani alipitisha kalamu juu ya fomu, mstari kwa mstari, akitafuta pa kuandika jibu hilo. Hapakuwapo. Akaifunika kalamu, akamwita anayefuata.