Tume ya Uchunguzi na Vikombe Saba

Kwa heshima na taadhima, Tume Kuu ya Kuchunguza Mienendo ya Mzee Faruq inatangaza kwamba imekamilisha kazi yake bila woga wala upendeleo. Tume hiyo ina mjumbe mmoja, ambaye ni mimi, Yumna, miaka kumi na mitano, na wakati wa tukio ilikuwa imejibanza nyuma ya pazia la jikoni ikiwa na mfuko mtupu wa mkate.

Mzee Faruq ni baba yangu. Mwaka mzima sasa analala kwa dada yake, upande wa pili wa Tripoli, kwa amri ya hakimu, kwa sababu alimvunja Mama mkono. Nalisema wazi kwa sababu naye hutakiwa kulisema wazi. Kila Jumanne wanaume tisa, Baba akiwa mmoja wao, hukutana juu ya duka la dawa, na mshauri wao, Bi Ruwaida, huwafundisha kuitambua hasira mwilini kabla haijafika mkononi. Kila mmoja ana daftari. La Baba nimelisoma kule kwa shangazi. Tume ina mamlaka hayo, ilijipa yenyewe.

Daftari lilisema kwamba sikio la kushoto ndilo hupata moto kwanza, kisha taya. Lilisema pia kwamba wakati wa vita, akiwa na miaka saba, walijificha chini ya jengo wiki nzima, na kila bomu lilipolia, babu alimpiga yeyote aliyetokwa na machozi. Chini yake, kwa mwandiko wa Bi Ruwaida: "Hiyo ni sababu. Si ruhusa."

Jumapili hiyo nilikuwa nimetoka shule ya bweni milimani kwa mapumziko. Kesho yake Mama alitakiwa kumjibu hakimu: mume wake arudi nyumbani, au asirudi. Baba akaja na Bi Ruwaida, akapiga kengele ya mlango wake mwenyewe, mkononi sahani ya halua ya jibini. Mama akampa kahawa katika vikombe vya wageni, vile vyenye ukingo wa dhahabu. Vilikuwa kumi na viwili. Vimebaki saba. Vitano vilikutana na ukuta, na alama bado zipo.

"Umekonda, Faruq," Mama alisema. Zamani alimwita Baba Yumna.

"Dada yangu anapika kama mtu anayelipiza kisasi."

"Basi Mungu ni mwadilifu."

Bi Ruwaida akacheka. Baba naye akacheka, na hapo Tume ikaingiwa na mashaka. Adabu ya saa moja ni kitu gani? Hata mimi, askofu akitembelea shule, huwa malaika kwa saa moja. Nikaujaza mfuko pumzi, nikanyata hadi nyuma ya sikio lile la kushoto wakati Mama na Bi Ruwaida wameinamia halua, nikaupasua kwa viganja viwili, kisha nikarudi nyuma ya pazia kama umeme.

Mlio ule ulikuwa mkubwa kuliko nilivyotarajia.

Baba alikuwa na kikombe mkononi. Mkono ukapanda. Mama akasukuma kiti nyuma, haraka, kama mtu ajuaye njia. Kikombe kikabaki hewani. Kisha kikashuka, polepole, kikigongagonga kisahani, kahawa ikimwagika.

"Natoka nje, kwenye ngazi," Baba alisema. Sauti haikuwa yake. "Nitarudi baada ya dakika kumi na tano."

Akafunga mlango taratibu. Nilihesabu dakika kwenye saa ya ukutani. Alirudi dakika ya kumi na nne, viganja vyake vyeupe kwa chokaa ya ukuta alioukumbatia.

"Ibtisam," alimwambia Mama, "kikombe hakikuruka, lakini mkono ulitaka. Usimwambie hakimu nimepona."

Mama akaifuta kahawa iliyomwagika. "Nitamwambia nilichokiona. Ulitoka, ukarudi, na hukunidanganya. Lakini hutarudi nyumbani sasa. Miezi sita mingine. Ila Jumapili utakula chakula cha mchana hapa, na Bi Ruwaida akiwepo."

"Nimekubali."

"Sikuuliza kama umekubali."

"Nimekubali hata hivyo."

Bi Ruwaida alifunga mkoba wake, akaligeukia pazia. "Na mlio ule ulikuwa wa nini?"

Nikajitokeza kwa heshima zote. "Jenereta ya mtaa, Bi Ruwaida. Imepiga mlio mbaya sana. Nitaandika malalamiko."

Mama akalitazama feni la dari. Lilikuwa limesimama. "Jenereta ya mtaa huzimwa saa nane mpaka saa kumi, binti yangu. Mji mzima unajua, isipokuwa wanaosoma milimani. Sasa hivi ni saa tisa."

Tume ikavunjika pale pale. Mfuko wa mkate ukaanguka kutoka chini ya sweta, bila kuombwa.

"Ni mimi," nikasema. "Nimesoma daftari lako, Baba. Nilijua kuhusu mabomu. Nilichagua sikio la kushoto makusudi."

"Ulitaka kunipima?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lingekuwa jibu zuri, lenye heshima ya kisayansi. Lakini yeye alikuwa amesema kuhusu mkono wake mbele ya watu wote, na chokaa ilikuwa bado viganjani mwake.

"Hapana," nikasema. "Nilitaka kikombe kiruke. Kingeruka, ningeacha kukungoja kila likizo. Na nilimtisha Mama. Nilimwona akisukuma kiti. Hilo sikulifikiria kabisa, na ndilo baya kuliko yote."