Cheti cha Mackrine

Jicho la kushoto la Mackrine lilikuwa bado halijafunguka aliporudi zahanati kwa mara ya tatu. Zamu yake ilipofika alikuwa na ombi moja.

"Shikamoo, daktari. Waitu, tafadhali, nibadilishie cheti. Andika nyuki."

"Marahaba," aliitika Deodatus, mganga wa zahanati, ambaye Mackrine angeweza kumzaa. "Malaria si aibu, mama."

"Ulinipima malaria ukasema sina."

Deodatus akainuka, akafunga mlango.

Jumatatu walikuwa wachumaji wanane katika kahawa ya Byarugaba, shemeji yake. Nyuki waliwauma wote. Saba walijikuna wakacheka. Mackrine aliumwa mara moja tu, shingoni. Macho na midomo vikavimba, koo likabana, akaanguka. Na wiki moja kabla, Byarugaba alikuwa ameibiwa kahawa, akatangaza kwamba amemtumia mwizi nyuki. Kesi iliisha kabla Mackrine hajazinduka. Aliyeangushwa ndiye mwizi, na mwizi, hata awe mjane wa kaka yako, huhama nyumba na kibanja chake, pamoja na watoto wake.

"Sindano uliyonichoma nikapumua, ilikuwa ya nini?"

"Ya mzio. Mwili wako haupatani na sumu ya nyuki. Wapo watu wa hivyo. Si uchawi."

"Basi andika hivyo!"

"Ile dawa iliisha muda wake Machi, na ilikuwa ya mwisho. Naomba nyingine wilayani, hailetwi. Kwenye taarifa zao tunayo. Nikiandika nyuki, wataniuliza nilikuchoma nini. Nitafukuzwa kwa kukuponya."

"Na mimi nafukuzwa kwa kupona."

Alasiri kikao kilikaa uani kwa Byarugaba. Mlalamikaji alikuwa yeye, na mwenyekiti wa kitongoji alikuwa yeye. Alikisoma cheti kwa sauti.

"Malaria! Malaria gani inamwangusha mtu hata kikapu hajatua?" Watu wakacheka. "Shemeji, hata serikali imekukana."

"Daktari huyo hapo. Muulizeni alinichoma nini."

Deodatus alikuwa amepewa kiti cha mbele.

"Cheti kinajieleza," alisema.

"Basi tumpime sisi," Byarugaba alisema. "Nyuki mmoja tu. Asipoanguka, kibanja chake. Akikataa, ahame leo."

Deodatus aliinuka nusu. "Mwenyekiti, hata mmoja anaweza…"

"Anaweza nini, daktari? Si ni malaria?"

Akaketi.

Mackrine aliwatazama wanawe wawili. Walikuwa wamekalia godoro ambalo mtu alishalitoa nyumbani kwao na kulifunga kamba. Akanyoosha mkono. Glasi ikafunikwa juu ya ngozi, nyuki akizunguka ndani yake, kisha akatulia.

Mackrine akashtuka. Hakulia.

"Tumpe dakika tano," alisema Byarugaba. "Nani ana saa?"

Ua mzima ulikuwa na saa moja tu ya mkononi. Deodatus akapandisha mkono wa shati, akaanza kuhesabu.