Siku Mulevi Alipookoka

Askari wa vita vya kwanza vya waasi walitwaa karibu kila pikap ya Butembo, isipokuwa ya Maliro. Si kwamba walimwogopa Maliro. Gari lake lilikuwa la Kimarekani, la zamani, pana kama kanisa la kijijini, lenye injini ya silinda nane, na lilikunywa esansi bila haya. Komanda mmoja alilichukua asubuhi, akafika nalo Rughenda, pembeni tu mwa mji, akautazama mshale wa mafuta, akalirudisha mwenyewe kabla ya chakula cha mchana, amenuna. Watu wa parking, stendi ya magari, wakalibatiza jina: Mulevi.

"Papa Léa, acha ikunywe," mkewe Jokébed alikuwa akimwambia. "Ile kiu yake ndiyo iko nalinda gari."

Maliro alicheka. Jokébed alijua biashara yake ya kabichi. Mambo ya injini angemwachia yeye. Kweli, kabichi hizo ndizo zilizompanda Mulevi kila Jumanne kushuka Beni, na mawese ndiyo yaliyorudi. Nyumba nzima ililishwa na gari hilo moja.

Vita vya pili vikapandisha bei ya esansi, naye Maliro akaanza kumtibu mgonjwa wake. Aling'oa chuma cha mbele, kizito kama ng'ombe, na chanja ya juu ya kabini. Alisafisha kabureta kwa mswaki wa binti yake Léa, jambo lililomletea kesi nyumbani. Alijaza matairi upepo mpaka yakawa yanalia ukiyagonga. Kisha akatandaza turubai juu ya karoseri, pale nyuma inapokaa mizigo, na kulikaza kama ngoma, ili pale barabara inaponyooka kabla ya Beni, upepo upite juu badala ya kuingia ndani na kulivuta gari nyuma. Mwisho akaufundisha adabu mguu wake wa kulia.

Beni kwenda na kurudi, litre thelathini zikawa kumi na sita.

Angekaa kimya, angekuwa tajiri. Lakini mtu anawezaje kufanya kazi nzuri namna hiyo halafu akanyamaza? Pale parking ya Beni alimwona dereva mwenzake, Apollinaire, akapaza sauti.

"Apollinaire, kuya uone! Mulevi ameokoka! Bidoni moja ya litre makumi mbili, toka Butembo niko nafika Kanyabayonga!"

"Ameokoka ao umemuloga? Basi atoe kwanza ushuhuda ku kanisa!"

Watu wakacheka. Askari mmoja aliyekuwa akinunua sigara hakucheka. Alikuwa akilitazama turubai.

Siku ya tatu yake askari wakaja Butembo, mpaka nyumbani kwa Maliro, watu sita na bidoni moja ya esansi. Kanyabayonga, mbali mbele ya Lubero, kulikuwa kunapigwa vita.

"Papa, ufunguo. Noki noki, haraka!"

Maliro akautoa. Hapo hakuna wa kumlaumu. Na bunduki hakuna majadiliano. Dereva wao akapanda, akakanyaga mafuta kwa nguvu zote. Injini ikapiga kelele, moshi mweusi ukafunika kabichi zilizokuwa zinangoja uani. Maliro alisikia uchungu kana kwamba amekanyagwa yeye.

"Hapana vile, chef!"

Jokébed akamvuta shati. Maliro hakusikia.

"Hapana kukanyaga sana! Ingiza gia, vitesi ya juu, mapema. Mguu mwepesi, kama unapita mbele ya mutoto mwenye analala. Na turubai, hapana kulifungua, hata kidogo!"

Na mikono yake mwenyewe ikaenda kukaza kamba iliyolegea.

"Merci, papa," dereva akasema. Mulevi akaondoka taratibu, bila moshi, kama Maliro mwenyewe ndiye aliyeshika usukani.

Jokébed hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Ungenyamaza tu," alisema. "Na bidoni moja, vile alikuwa nakanyaga, gari haingepita Lubero. Bangeiacha ku barabara. Tungeifuata."

Maliro hakuwa amelifikiria hilo. Sasa hakuweza kufikiria kingine.

Alfajiri aliazima baiskeli, akashika njia ya Lubero. Kwenye milima aliisukuma. Kila kona alitazama mtaroni, akitumaini kuliona gari lake limekaukiwa esansi, milango wazi, askari wamekwenda zao kwa miguu. Fundi huyo aliomba Mungu, kwa mara ya kwanza maishani, kazi yake iwe mbovu.

Huko Lubero alimkuta mama mmoja akichoma mahindi kando ya barabara.

"Mama, uliona pikap moja mukubwa, iko na turubai?"

"Ile ya basoda, bale ba bunduki? Ilipita jana, papa. Pole pole, kimya. Hata moshi, hapana! Mutu mwenye alitengeneza ile gari, anajua kazi."

Kifua cha Maliro kikajaa fahari kabla hajakizuia. Kisha akakaa chini kando ya baiskeli, macho kwenye barabara ya Kanyabayonga, mpaka mama yule akamletea hindi ambalo hakuliagiza. Alilishika mkononi mpaka likapoa.