Shemasi Mbele ya Bakuli

Mbwa alikuwa amekaa kitako mbele ya bakuli la bati lililojaa ugali na maziwa, mgongo wima, macho juu, udenda ukimdondoka bila kukoma. Mbavu zake zilionekana tangu ukiwa langoni. Chakula kilikuwa chini ya pua yake kabisa, nacho kilikuwa bado kinatoa mvuke. Hakukigusa.

"Unajionea mwenyewe, Daktari," alisema Mzee Onyiego, aliyenipigia simu asubuhi ile. "Mate yanamtoka, chakula hataki, anakodoa macho tu. Hicho ni kichaa cha mbwa. Mdunge sindano yaishe, binti yangu, watoto wapite njia hii kwa amani."

Mimi ni daktari wa mifugo. Duka langu la dawa liko Keumbu, lakini ukinitafuta pale utaambiwa nimetoka, maana siku zangu huishia juu ya pikipiki, mara Ogembo, mara ng'ambo ya Nyamira, mara huku kwenye mashamba ya chai ya Itumbe. Ng'ombe ndio wanaonilisha. Mbwa na paka huitiwa daktari kwa kunong'ona, kwa sababu huku kwetu ukionekana unamtibu paka, watu watakuuliza kama watoto wako wameshiba. Mwalimu mmoja wa Ogembo aliwahi kuniita akisema ndama wake anakohoa. Nilipofika alinipeleka moja kwa moja chumbani mwake, akafunga mlango, akanionyesha paka mzee aliyelazwa juu ya mto, amekwisha kupoa. Mwanamume mzima alikuwa ameona haya kuniita mapema. Nilimpa pole, nikamwambia ni paka tu, atapata mwingine. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yangu kwa kila mtu, ni paka tu, ni mbwa tu, nami niliyatoa bila hata kufikiri.

Mwenye mbwa alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa jiko, akichambua mboga za chinsaga. Jina lake Edinah, mjane wa marehemu mdogo wake Mzee Onyiego. Kati ya nyumba yake na migomba palikuwa na kaburi ambalo udongo wake haukuwa umetulia, na maua ya plastiki juu yake yalikuwa yameanza kupauka.

"Mama Valentine," Mzee alimwita, kisha akajikohoza na kutazama pembeni. Ndivyo alivyoitwa miaka yote, na sasa hakuna aliyejua amwite nani. Valentine, mtoto wake wa pekee, ndiye aliyelala pale penye migomba. Alikuwa chuoni akisomea ualimu, figo zikashindwa, akarudishwa nyumbani ndani ya sanduku.

"Mbwa anaitwaje?" nilimuuliza mama.

"Shemasi."

"Jina hilo peke yake ni kufuru," Mzee alidakia. Yeye ni mzee wa kanisa, Msabato wa tangu utotoni. "Nilimwonya yule mtoto. Alicheka tu."

Nilimpima Shemasi. Joto la mwili lilikuwa sawa, meno mazima, koo safi, tumbo tupu kabisa. Nilimwekea maji akayanywa yote, na mbwa mwenye kichaa hawezi kumeza maji namna ile. Nilimuuliza mama kama mbwa amechanjwa. Alisema Valentine alimpeleka chanjo ilipokuja pale shuleni, akamvuta kwa kamba njia nzima, na wote wawili wakarudi wamechafuka matope.

"Alianza lini kukataa chakula?"

"Matanga yalipoanuliwa," alisema. "Watu walipokuwa wamejaa hapa alikula vizuri, hata akanenepa. Walipoondoka ndipo akaacha. Kila siku nampakulia, kila siku anakaa hivyo hivyo mpaka kinachacha. Nadhani usiku huokota mifupa huko kwa majirani, sijui. Wanasema anamfuata Valentine."

"Mbwa hafi kwa majonzi, Mama," nilimwambia. "Mbwa hufa kwa kupe, kwa minyoo na kwa sumu."

Alininyanyulia macho. Nilitamani ningenyamaza. Nilisimama pale nikimtazama yule mnyama anavyotetemeka kwa njaa, nami elimu yangu yote imefika ukingoni. Kichaa hakuwa nacho, hilo nilikuwa na hakika nalo. Lakini kuna magonjwa ya ndani ambayo mikono mitupu haiyaoni, na kumwacha akauke vile siku baada ya siku ulikuwa ukatili. Nikaufungua mkoba wangu. Mama aliiona chupa niliyoitoa, akaelewa.

"Chai kwanza," alisema, akainuka. "Mtu hatoki kwangu na koo kavu, hata aliyekuja kuua."

Alituletea chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha, akaziweka mezani sebuleni. "Karibuni," alisema, akaketi. Mikono yangu ilikuwa imekwisha kukunjana yenyewe, maana katika nyumba zetu hata kikombe cha chai husubiri maombi. Lakini yeye alikwisha kumenya ndizi yake.

Mzee Onyiego akakirudisha kikombe mezani. "Tutakunywa kama ng'ombe, shemeji?"

"Kunywa upendavyo, Baba Ian. Kwangu hakuombwi."

"Mpaka lini? Akina mama wa kanisa wamekuja mara ngapi, unawafungia mlango?"

Mama alichukua ndizi yake akaenda jikoni. Mzee alimtazama mpaka alipotoka, kisha akavua kofia, akasimama, akaomba. Yalikuwa maombi ya mzee wa kanisa hasa, marefu, yakipita kwa wagonjwa na wasafiri, yakinitaja mimi na pikipiki yangu, kisha yakageukia mioyo iliyokuwa migumu, naye hapo akapaza sauti ili asikike jikoni. Chai ilifanya utando. Hatimaye akasema, "Amina."

Hapo hapo nikasikia bati likikwaruza mawe uani.

Nilitoka mbio. Shemasi alikuwa amezamisha kichwa chote ndani ya bakuli, anabugia, anakabwa, anatapika kidogo na kubugia tena, bakuli likisukumwa huku na huku. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, mkono mdomoni.

"Valentine," alisema. Nilidhani anamwita. "Ni Valentine aliyemfundisha. Likizo ile ya kwanza. Huyu mbwa alikuwa mwizi, alikuwa ananyakua ndizi mezani. Valentine akasema, kama sisi tunangoja, naye atangoja. Basi mimi nikisema amina tunakula sote, naye anakula. Ndiyo maana akamwita Shemasi." Akaushusha mkono. "Nilikuwa nimesahau kabisa. Tangu tumzike sijaomba. Kumbe ni mimi ninayemuua."

Nikaelewa basi kwa nini alishiba wakati wa matanga. Watu walikuwa wakiomba pale asubuhi, mchana na jioni.

Mzee Onyiego alikuwa ametoka nyuma yangu, uso umemng'aa. Si mtu mbaya, niseme ukweli. Ndiye aliyesimamia mazishi yale, na baadaye nilisikia kwamba alichimba kaburi kwa mikono yake ingawa vijana walikuwepo. Lakini furaha ilimzidi. "Umeona, shemeji? Hata mnyama amebaki katika imani. Mungu anakusemesha kupitia mbwa huyu. Rudi. Ni neno moja tu anakudai."

Mama alishuka uani taratibu, akalichukua bakuli kutoka kinywani mwa mbwa. Lilikuwa bado na nusu ya chakula. Shemasi hakunguruma. Alikaa kitako, akamtazama, udenda ukaanza tena.

"Mdunge, Daktari," alisema mama.

"Mama, huyu mbwa si mgonjwa."

"Nimesema mdunge. Kama Mungu ana neno na mimi, nilikuwa pale hospitalini, nimepiga magoti kati ya kitanda na ukuta, alijua nilipo. Angeniambia pale. Asinitumie mbwa sasa."

Mzee alifungua kinywa, nami nikamkata kabla hajaanza. Nina ulimi mkali, hilo linajulikana mpaka Nyamira, na siku hiyo sikuuzuia. "Mzee, nenda nyumbani."

"Mimi ndiye niliyekuita hapa, binti yangu."

"Uliniita kwa mbwa mwenye kichaa. Hana kichaa. Kazi uliyoniitia imekwisha, nenda."

Alinitazama mimi, akamtazama shemeji yake, akavaa kofia. Mabega yake yalikuwa yameshuka alipopita karibu na kaburi, akainama kunyoosha ua moja lililoanguka, kisha akapotelea kwenye majani ya chai. Nilimwonea huruma, lakini sikumwita.

Tulibaki wawili na mbwa. Mama aliketi kwenye kigoda chake, bakuli mapajani.

"Mbona humdungi?"

"Siui mnyama mzima, Mama."

"Basi mchukue. Huko kwako si kunaombwa?"

"Kunaombwa," nilisema, na nikaona haya, kwa kuwa maombi yangu mimi ni kunong'ona juu ya sahani huku macho yako kwenye simu.

Alikuwa akilisugua bakuli ukingoni kwa kidole gumba. "Neno lenyewe, amina, maana yake si 'na iwe hivyo'?" alisema. "Pale hospitalini nilikuwa nalisema kwa moyo wangu wote, Daktari. Nilikuwa nasema apone, amina. Alale usingizi, amina. Afike asubuhi, amina. Kisha ikawa alivyotaka Mungu mwenyewe. Sasa nisimame mbele ya ugali niseme tena na iwe hivyo? Hivyo jinsi ilivyo?" Alionyesha penye migomba kwa kidevu, bila kugeuka.

Maneno yangu ya siku zote yalikuwa tayari kinywani. Mungu ndiye ajuaye. Jipe moyo. Ni mbwa tu, Mama. Niliyahisi yamejipanga ulimini kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii niliyaona yalivyo mepesi, nikamkumbuka yule mwalimu wa Ogembo alivyonisindikiza mpaka barabarani bila kusema kitu, paka wake amebaki kwenye mto. Nikayameza yote.

"Nitamtunza," nilisema tu.

Nyuma ya pikipiki yangu nimefunga kreti ya kubebea dawa. Niliitoa mizigo, nikatandika gunia, nikamfunga Shemasi kamba shingoni. Alinifuata bila ubishi mpaka langoni, huku akigeuka kila mara kutazama kama mama anakuja. Nilikuwa nimeinama nimbebe niliposikia ndala zake nyuma yangu.

"Ngoja," alisema. "Asiondoke na njaa."

Aliliweka lile bakuli kwenye nyasi kando ya gurudumu. Shemasi akakaa kitako, kamba bado shingoni, akauinua uso. Hakunitazama mimi. Alimtazama yeye.

Neno lilikuwa kwangu pia. Ningelisema mimi, mbwa angekula, ningempakia nikaondoka, na hakuna ambaye angenilaumu. Hakuna jambo rahisi kuliko hilo. Lakini nilijua kwamba nikilisema nitakuwa nimemnyang'anya huyu mwanamke kitu, ingawa nisingeweza kusema ni kitu gani. Nikafunga mdomo. Lori la kubeba majani lilipita barabarani chini, likapanda mlima, likapotea. Midomo ya mama ilisogea, ikatulia, ikasogea tena.

"Amina," alisema, kwa sauti ya kumwambia mtoto afunge mlango.

Shemasi akala. Mama alimwangalia akila, na machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke mpaka kwenye leso ya mabegani. Mimi si mtu wa machozi, nimewazika ng'ombe na watu, lakini nililazimika kugeuka na kujifanya naikagua kreti.

"Usije ukapeleka habari kanisani," alisema nyuma yangu. "Sikumwambia Mungu. Nimemwambia mbwa."

"Nimesikia, Mama."

Bakuli lilikuwa limekwisha, lakini Shemasi aliendelea kulilamba, akilifuata kila lilikokwenda. Mama aliinama akalichukua. Alirudi jikoni, nikamsikia akikwangua sufuria, na najua huko hakukuwa na ugali mwingine ila wake wa jioni. Alipokuwa ndani niliilegeza kamba, nikamvua mbwa, nikaitia mfukoni. Sikumuuliza mtu.

Aliporudi aliiona shingo tupu ya mbwa, akaweka bakuli chini. Shemasi akakaa, mgongo wima.

"Bwana," alianza mama, na hapo sauti ikamkatika.

Alisimama pale, kaburi nyuma yake, chakula kikipoa. Shemasi hakuushusha uso. Nilivua helmeti nikaiweka kwenye nyasi, nami nikangoja.