Kuganda kwa Mama Mapazia

Intaneti ya nyumbani kwa Mama Mapazia ilikuwa kama mume wa wake wawili: zamu yake ikifika ipo, isipofika haipo, na ikirudi haisemi ililala wapi. Taa za kile kisanduku ukutani zikigeuka nyekundu, yeye aliendelea na cherehani yake. Fundi hakumwita hata siku moja. Binti yake alidhani ni ubahili. Haukuwa ubahili. Ubovu ule ulikuwa unamfaa.

Kila Jumapili alasiri ndugu watatu walikutana kwenye simu, kila mmoja na kijidirisha chake. Yuko Kaka, mkubwa wao, mstaafu wa reli aliyefiwa na mkewe na uzeeni akaamua kujifunza tarumbeta. Yuko dada wa kati, waliyemwita Mwenyekiti kwa kuwa hata mchezo wa kujificha utotoni aliusimamia yeye. Na yuko kitindamimba, Mama Mapazia mwenyewe. Ajenda ilikuwa moja: Kaka asikae peke yake, ahamie kwa mdogo wake, mwenye chumba cha ziada.

Hicho chumba cha ziada ndicho alichoshonea mapazia ya wateja. Kilikuwa na meza ndefu ya kukatia, na mwanga uliingia pande mbili, mtu akaona uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Kuitoa meza ile kulikuwa ni kuutoa mkate mdomoni mwake. Lakini kumwambia kaka yako, mkubwa wako, mfiwa, kwamba humtaki? Ulimi unakuwa mzito.

Mara ya kwanza mtandao ulimwokoa wenyewe. Alikuwa katikati ya kujibu, ukakatika. Baadaye wakamsimulia alivyoonekana: ameganda, mdomo nusu wazi, jicho moja limefumba. Akalitia akilini. Akajizoeza mbele ya kioo. Alijifunza kukatiza kauli katikati ya neno, kwa maana mtandao hauna adabu ya kusubiri nukta. Tangu hapo, neno chumba likitajwa, Mama Mapazia anaganda.

Ndipo binti yake akamfanyia wema. Akamtuma fundi wa intaneti bila kumuuliza.

"Mama, waya wako umetafunwa na panya huko darini," fundi alisema akishuka na vumbi lake kichwani. "Nimekuwekea mpya."

"Huwezi kuniachia ubovu kidogo? Wa Jumapili tu."

Fundi akacheka. "Mama nawe una utani. Hii sasa hata ukitaka ikatike, haikatiki."

"Mdomo wako huo, mwanangu," alisema Mama Mapazia, na hakucheka.

Jumapili ikafika. Picha ilikuwa safi hata makunyanzi yalihesabika. Nyuma ya Mama Mapazia dirisha lilikuwa wazi, na pazia lake jepesi, lile alilowaringishia wateja kwamba linapepea hata kwa pumzi ya mtu anayepoza chai.

"Mdogo wangu," alianza Mwenyekiti, bila hata kutoa taarifa ya magoti yake, ambayo ndiyo huwa salamu yake, kwa sababu anakaa ghorofa ya juu kabisa na lifti yao ni pambo. "Leo nataka jibu. Kaka anahamia lini?"

"Dada, mimi nilikuwa nafikiri kile chumba ki—"

Akaganda.

Mwenyekiti akausogeza uso hadi pua ikakijaza kioo. "Ameganda tena, maskini. Ila pazia lake halijaganda."

Kwa lile jicho lililobaki wazi, Mama Mapazia akaliona. Lilikuwa linapepea kwa raha zake, kama halimjui aliyelishona.

"Haya," Mwenyekiti akaendelea. "Asiyeweza kusema hawezi kukataa. Meza itoke kesho, kitanda kiingie. Kaka, unasemaje?"

Taya lilimuuma Mama Mapazia. Akisema neno, amejiumbua kwa Jumapili zote zilizopita. Akinyamaza, meza imekwenda.

Kaka akakohoa kidogo. "Mimi kwa upande wangu, Mwenyekiti, naona la muhimu ni ku—"

Akaganda. Alikuwa mwanafunzi tu: alifumba macho yote mawili, na nyuma yake birika lilifuka mvuke uliopanda taratibu hadi darini.

Mwenyekiti akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Panya wa dunia nzima wamehamia kwenye nyaya za ukoo huu," alisema. "Mimi naondoka." Kijidirisha chake kikawa cheusi.

Wale wawili wakabaki kama picha za kitambulisho. Hatimaye Kaka akauliza bila kutikisa midomo, "Ameondoka?"

"Ameondoka. Fumbua macho, Kaka, unaonekana kama maiti. Hufumbwa moja tu."

"Kumbe. Nimekuwa nikikuangalia, sikulikamata hilo."

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu ile siku nzi alipokutua puani, ukamfukuza, kisha ukaganda upya."

Mama Mapazia akaliacha hilo lipite. "Mbona hukusema?"

"Niseme ili iweje, nihamie kwako? Mimi nina birika langu, nina tarumbeta langu, na jirani yangu ni kiziwi. Mtu akijaliwa jirani kiziwi anahama?"

"Mimi nilidhani nikikukatalia utaumia."

"Nami nilidhani nikikataa kuja utaumia wewe."

"Kwa hiyo tumeteseka bure, sote wawili."

"Umeteseka wewe. Mimi nilikuwa nakunywa chai."

Mama Mapazia akaitazama meza yake na vitambaa vilivyotandazwa juu yake, akashusha pumzi.

Kile kijidirisha cheusi kikapiga chafya.

"Endeleeni tu," ilisema sauti ya Mwenyekiti kutoka humo gizani. "Nilizima picha. Masikio niliyaacha."

Kaka akajimiminia chai, na ile sauti ikaendelea.

"Kaka abaki na kiziwi wake, hilo limekwisha. Sasa, mdogo wangu, maadamu chumba kipo, na mimi ngazi hizi magoti yameshazikataa—"

Mama Mapazia akanyoosha mkono nyuma, mbele ya macho ya watu, akafunga dirisha. Akangoja hadi pazia likatulia kabisa. Kisha akageuka, akafungua mdomo nusu, akafumba jicho moja.