Sare ya Kampeni

Kila uchaguzi wa rais, Bi Sitara na shoga yake Moza, wauza dagaa wa Kariakoo, walipewa na chama doti moja ya khanga. Waliikata, kila mmoja akajifunga kipande chake, wakaenda mkutanoni wamevaa sare. Mwaka huu Moza kahamia upinzani. Meza zao ziko ubavu kwa ubavu, ila siku ya nne sasa salamu hakuna.

Asubuhi Moza akamrushia kipande cha khanga mpya, kimeshapindwa.

“Cha nani?”

“Chako. Wenzangu wapya watoto watupu. Nikivaa nao sare nitaonekana bibi yao.”

“Kwani si bibi yao?”

“Ndiyo maana nataka tuwe wawili.”

“Kura yangu hupati, Moza.”

“Nani kakuomba kura? Nimekuomba twende.”

Rangi zile zilimpendeza Sitara kuliko za chama chake, ila hilo alilimeza. Jioni akajifunga, akaenda naye mkutanoni, akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Kesho yake katibu wa tawi akaja kumuuliza amehama lini.

“Sijahama, mwanangu. Nilimsindikiza shoga yangu.”

Akageukia dagaa wake, na bila kujijua akaanza kuuimba wimbo wa jana.